Ngoma za Rusubi na Bugufi: majirani wameziandikisha zao, sisi je?

Desemba 2024 UNESCO iliingiza ngoma ya intore ya Rwanda katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Miaka 10 kabla yake, Burundi ilikwishaandikisha ngoma zake za kifalme. Wilaya ya Ngara imepakana na nchi zote mbili. Wahangaza wa Ngara wanasikilizana na Warundi bila mkalimani, na nchi yao ya Bugufi ilikuwa chini ya Mwami wa Burundi kabla ya mipaka ya wakoloni kuiacha upande wa Tanganyika. Heshima waliyopewa majirani inatufurahisha, lakini pia inatuuma.

Maana huku kwetu ngoma ilikuwa serikali. Shahidi mmojawapo ni Mwingereza John Hanning Speke, ambaye kitabu chake cha safari kilichapwa mwaka 1863. Mwaka 1861, yeye na mwenzake James Grant walipita Uzinza wakaingia Rusubi, eneo la Biharamulo ya leo, wakielekea Karagwe kwa mfalme Rumanika. Mtawala wa Rusubi alikuwa Suwarora.

Hapo ndipo msafara ulipokwama. Suwarora alidai hongo: nyaya, nguo na shanga. Wakubwa wake nao, kila mmoja akataka fungu lake. Speke alilalamika kwamba ananyang'anywa, akaomba aonane na mtawala mwenyewe wayamalize. Hakumwona hata siku moja. Suwarora alibaki ndani, akituma watu wake. Kambini nako moto ukawaka, Bombay na Baraka, viongozi wa wapagazi, wakigombania ukubwa.

Speke aliyaita yote hayo uporaji. Lakini maandishi yake mwenyewe yanaonyesha kwamba katika nchi ya Uzinza hongo ikishakubaliwa, ngoma hupigwa. Kwangu mimi hiyo ilikuwa stakabadhi: vijiji vyote vilisikia kwamba mgeni amelipa, apite salama. Utawala wenye utaratibu wa namna hiyo haukustahili kuitwa genge la wanyang'anyi. Na walipofika Karagwe, mwenzake Grant aliisifu nanga kuliko ala nyingine za nyuzi za huko.

Wajerumani wakaja, wakajenga boma Biharamulo. Waingereza wakafuata. Mwaka 1963 Tanganyika huru ikafuta utawala wa machifu, na ngoma zilizotangaza amri zikabaki za harusi na sherehe za kitaifa. 

Tazama lakini walivyofanya Wahaya, majirani zetu wa Muleba. Mpiga nanga Habibu Selemani alifariki mwaka 1993, ila tendi zake hazikuzikwa naye, kwa sababu Profesa Mugyabuso Mulokozi alimfuata, akamsikiliza na kuandika habari zake. Ngara na Biharamulo zinastahili Mulokozi wao. Wapigaji wazee bado wapo vijijini, na hawatatungoja.

Halmashauri za wilaya hizi mbili ziwape maafisa utamaduni wao vinasa sauti, kamera na mafuta ya gari katika bajeti ijayo. Nawe msomaji, kama babu yako anajua kupiga nanga au kuwamba ngoma, mrekodi kwa simu yako wiki hii, uandike jina lake na kijiji chake.