Mkazo Unaohama: Neno Refu la Kiingereza Lifikapo Mungaa

Mungaa, katika Mkoa wa Singida, ni nchi ya Wanyaturu, na Kinyaturu, ambacho wanaisimu hukiita pia Kirimi, ni lugha ya toni. Howard S. Olson alichapisha uchambuzi wa fonolojia na mofolojia yake mwaka 1964. Wataalamu waliomfuatia wameonyesha jambo la kuvutia: toni ya juu haisikiki katika silabi inayoimiliki, bali katika ile inayofuata. Mtoto wa huko, basi, si mgeni wa sauti zinazohama.

Kiswahili humfundisha kanuni nyingine. Mkazo hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka nao husogea: soma, somesha, someshana. Yapo machache yaliyoasi, kama lazima katika matamshi ya wengi. Maneno ya mkopo yalilazimika kutii. Company la Waingereza, lenye mkazo mwanzoni, liligeuka kampuni, mkazo ukaangukia pu.

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali, Kiingereza kilibaki somo tu hadi sekondari. Huko ndiko mwanafunzi hukutana na photograph, photography na photographic: mkazo silabi ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Kiingereza kilirithi mkazo wa shina kutoka asili yake ya Kigermanik. Baada ya mwaka 1066 kikamezeshwa maneno ya Kifaransa na Kilatini yenye desturi tofauti. Mwalimu huyakata ubaoni kwa vistari na kudhani kazi imekwisha.

Haijaisha, ingawa nusu ya njia Kiswahili kimekwisha kuionyesha. Maneno yanayoishia na -tion, na mengi ya -ic, huwekwa mkazo palepale Kiswahili kingeuweka: e-du-ca-tion, mkazo ukiwa ca. Mwanafunzi hukosea kwa sababu ameongeza irabu mwishoni. Asemapo e-du-ke-she-ni, silabi zimekuwa tano na mkazo umeteleza hadi she. Kanuni yake ni sahihi, hesabu ndiyo mbovu. Kwa maoni yangu, ni dhuluma kumcheka kijana huyo darasani kana kwamba hana sikio. Aanzishwe na maneno hayo, silabi zihesabiwe kwa makofi bila irabu ya nyongeza. Ndipo aletewe yale ya -ity na -graphy, ambayo mkazo wake hurudi nyuma hatua moja zaidi: u-ni-ver-si-ty, mkazo ver.