Mlolongo Mfupi Ulioshinda

Tarehe 22 Februari 1988, Wakenya wenye kadi za chama tawala, KANU, walikwenda viwanjani kuteua wagombea ubunge bila karatasi wala sanduku. Kila mmoja alisimama katika mlolongo nyuma ya wakala au picha ya mtu wake, wakahesabiwa vichwa machoni pa wakubwa wa utawala. Njia hiyo chama kiliipitisha mwaka 1986, na ilikuja na sharti zito: aliyepata asilimia 70 au zaidi alipita moja kwa moja bungeni, na watu wa eneo lake hawakupiga kura ya siri mwezi Machi.

Chama kingine cha kukimbilia hakikuwepo. Tangu Juni 1982 kifungu cha 2A cha Katiba kilikuwa kimeifanya KANU kuwa chama pekee.

Maaskofu Henry Okullu, Alexander Muge na David Gitari waliupinga mlolongo huo, na hoja ya makanisa ilikuwa ya watu wanaokijua kijiji. Mchungaji akisimama kwa huyu leo, Jumapili atawahubiria vipi waliosimama kwa yule? Na mkulima anayengoja barua ya chifu, angethubutuje kuonekana upande usiotakiwa?

Waliouunga mkono waliusifu kwa uwazi wake. Uwazi huohuo ndio uliowaumbua. Kwa kura ya siri, mtu anaijua kura yake tu. Hapa kijiji kizima kilijionea mlolongo mrefu ulikuwa wa nani. Pale alipotangazwa mwenye watu wachache, hapakuwa na karatasi za kuhesabu upya, na watu walikwisha kutawanyika. Lakini kila nyumba ilikuwa na shahidi, na shahidi wa namna hiyo hadanganyiki kwa tangazo la redio.

Desemba 1988 waziri Kenneth Matiba alijiuzulu, akilalamikia wizi katika uchaguzi wa chama Murang'a. KANU ikamfukuza. Mei 1990 yeye na Charles Rubia walidai vyama vingi hadharani. Julai wakatiwa kizuizini, siku tatu kabla ya mkutano wa Saba Saba wa kudai vyama hivyo, ambao polisi waliuvunja kwa nguvu na watu wakauawa.

Kamati ya KANU iliyoongozwa na Makamu wa Rais George Saitoti ikazunguka nchini kusikiliza malalamiko, na wananchi, kwa ujasiri unaostahili heshima, wakayasema waziwazi. Desemba 1990, huko Kasarani, wajumbe wa KANU waliufuta mlolongo pamoja na sharti la asilimia 70. Kifungu cha 2A kilifuata mwaka mmoja baadaye.

Katika uchaguzi wa Desemba 1992 upinzani uligawanyika, na Daniel arap Moi akabaki rais kwa takriban asilimia 36 ya kura. Matiba, aliyepatwa na kiharusi akiwa kizuizini, alishika nafasi ya pili.