Nani Anamtazama Mwalimu Akifundisha? Hoja Kuhusu Mafunzo Kazini ya Walimu na Makocha

Semina ya walimu ina mwenendo wake unaojulikana. Mwezeshaji anafika na kompyuta mpakato, bango linatundikwa, madaftari na kalamu vinagawiwa. Washiriki wanagawanywa kwenye makundi, kila kundi linaandika majibu kwenye karatasi kubwa na kuibandika ukutani. Siku ya mwisho vyeti vinatolewa na posho inasainiwa. Jumatatu inayofuata mwalimu anaingia darasani na kufundisha kama alivyofundisha kabla ya semina. Kozi za makocha wa michezo hazitofautiani sana na hizi, isipokuwa washiriki wake huvaa bukta jioni.

Makala haya yanadai kwamba tatizo haliko kwenye mada zinazofundishwa, wala si uvivu wa walimu kama viongozi wengi wanavyopenda kusema. Tatizo ni kwamba mafunzo yametolewa nje ya kazi yenyewe. Sehemu yake ngumu, yaani mtu kutazamwa akiwa kazini na mwenzake asiye na mamlaka ya kumwadhibu, kisha kuzungumza naye juu ya kilichoonekana, imebaki bila mwenyewe. Cheti kinathibitisha kwamba fulani alihudhuria. Hakisemi lolote kuhusu kilichobadilika kwa mwanafunzi wake.

Watafiti hawajalishangaa jambo hili. Tangu miaka ya 1980 Bruce Joyce na Beverly Showers, wote wa Marekani, walieleza kwamba nadharia na maonesho ya mkufunzi, hata yakiwa mazuri kiasi gani, mara chache hufika darasani. Kinachoyavusha ni mazoezi ya kurudiarudia na mwenzi anayekuja kuona na kusaidia. Dhana waliyoitumia kueleza usaidizi huo waliiazima viwanjani: walimu wapewe ukocha.

Kabla yao wanasaikolojia wawili, Roland Tharp na Ronald Gallimore, walikuwa wameifuata dhana hiyo hadi kwenye chimbuko lake. Walikuwa wakijenga mpango wa elimu kwa watoto wa wenyeji wa Hawaii, wakataka kumwona mwalimu bora akiwa kazini. Msimu wa 1974/75 walikwenda Los Angeles kumtazama John Wooden, kocha wa mpira wa kikapu wa UCLA, ambaye timu yake ilitwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani mara 10 katika miaka 12. Walihudhuria mazoezi 15 na kuandika matendo 2,326 ya ufundishaji. Nusu yake yalikuwa maelekezo tu: fanya hivi, kwa namna hii. Sifa zilikuwa chini ya asilimia 7, na karipio tupu chini ya hapo. Mchezaji akikosea, Wooden alimwonesha namna sahihi, kisha akaigiza namna mchezaji alivyokosea, kisha akarudia ile sahihi. Yote hayo yaliisha ndani ya sekunde chache na mazoezi yakaendelea.

Waliosoma utafiti huo wengi waliondoka na zile asilimia, hasa ya sifa, wakabishana kama watoto wasifiwe au wasisifiwe. Kwangu jambo zito liko kwingine. Wooden, ambaye alianza kazi akiwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, alikaa na wasaidizi wake kila asubuhi, wakati mwingine saa mbili nzima, kupanga mazoezi ya saa mbili. Mpango uliandikwa kwenye kadi, dakika kwa dakika, na kumbukumbu zikahifadhiwa ili mwaka unaofuata azirudie na kuona lipi lilifaa na lipi halikufaa. Msimu ulipokwisha alichagua jambo moja tu, kwa mfano mitupo ya adhabu, akalisoma kwa kina na kuwauliza makocha wengine wanalifanyaje. Hapo ndipo mafunzo endelevu yalipokuwa: mtu, kazi yake, kumbukumbu ya kazi hiyo, na wenzake wa kuijadili naye.

Afrika Mashariki ina mfano wake. Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika Iten kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's. Hakuwa na utaalamu wa riadha, ila akaanza kuwafundisha wanafunzi kukimbia. Miaka 12 baadaye mmoja wa wanafunzi wa shule hiyo, Peter Rono, alitwaa dhahabu ya mita 1500 kwenye Olimpiki ya Seoul. Mwaka 2012 jijini London, David Rudisha, aliyefundishwa na bruda huyohuyo, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. Hadithi hii husimuliwa mara nyingi kama ushahidi kwamba mafunzo si lazima, kipaji kinatosha. Mimi naisoma kinyume. O'Connell alikuwa na kitu ambacho kozi ya wiki mbili haiwezi kutoa: wakimbiaji wa kuwatazama kila siku, mahali pamoja, kwa miongo kadhaa, na moyo wa kuuliza asilolijua. Alijifunza sana, ila hakujifunzia ukumbini.

Pingamizi lipo, na lina nguvu. Kocha huchagua. Asiyefikia kiwango huachwa, na anayebaki humpa kocha wake jina. Mwalimu wa darasa la kwanza hana benchi. Watoto 100 waliokaa mbele yake ni wake wote, mwepesi na mzito, aliyekunywa uji na asiyekunywa. Tena matokeo ya uwanjani hayamfundishi kocha kila mara. Timu inaweza kushinda kwa bao la bahati huku imecheza vibaya, na kocha anayejua atafukuzwa akipoteza mechi tatu mfululizo hujifunza kujilinda kabla ya kujifunza kufundisha. Uzoefu peke yake nao haufundishi. John Dewey alionya mwaka 1938 kwamba upo uzoefu unaomzuia mtu asiendelee kujifunza, na sote tunamfahamu mwenye miaka 20 kazini ambayo kwa kweli ni mwaka mmoja uliorudiwa mara 20.

Kwa hiyo sisemi walimu waige makocha. Kocha hutazamwa na uwanja mzima, lakini kinachotazamwa ni ubao wa matokeo; ni nadra mtu kuja mazoezini Jumanne kuona anavyomweleza beki namna ya kusimama. Mwalimu hatazamwi kabisa, na akitazamwa ni na mtu mwenye fomu. Wote wawili wamekosa kitu kilekile.

Wajapani wana utaratibu wa zaidi ya miaka 100 ambao hapa kwetu umeitwa somo la utafiti. Walimu hupanga somo pamoja, mmoja hulifundisha, wengine hukaa darasani wakiandika wanachofanya wanafunzi, kisha hukutana na kulirekebisha. Kupitia JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, fikra za aina hii zilifika Kenya mwaka 1998 kwa mradi wa SMASSE wa hisabati na sayansi. Utekelezaji wake ulipangwa kwa ngazi: wakufunzi wa taifa wakawafundisha wa wilaya, wa wilaya wakawafundisha walimu wakati wa likizo. Matokeo yake, mzozo wa posho ukachukua nafasi kubwa katika mijadala ya walimu, na ujumbe ukapungua kila uliposhuka ngazi moja. Zambia ilichukua njia nyingine kuanzia 2005 katika Jimbo la Kati: mafunzo yakawekwa shuleni kwenyewe, walimu wakatazamana. Naona njia hiyo ilikuwa sahihi zaidi, ingawa ni ya polepole na haina sherehe ya ufunguzi.

Tanzania nayo imeelekea huko, angalau kwenye karatasi. Kiunzi cha Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, cha mwaka 2020, kimeweka msingi wa mafunzo shuleni, katika Jumuiya za Kujifunza ambazo walimu wanaziita JzK. Ubora wa wazo hili unategemea kinachotokea ndani ya kikao. Tuchukue darasa la tano na hesabu za sehemu. Wanafunzi wakipewa 1/2 + 1/3, wengi huandika 2/5. Wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Kikao dhaifu kitasoma moduli kwa sauti na kujaza muhtasari. Kikao chenye maana kinaanza na rundo la madaftari mezani. Walimu wanayafungua na kukuta kwamba si wote waliokosa wamekosa kwa namna moja. Wapo wenye 2/5, na wapo wenye 2/6: hawa walitafuta kigawe kidogo cha shirika (KDS) wakapata 6, wakasahau kubadili kiasi. Wa pili wameruka hatua, na hatua hiyo inaweza kurekebishwa kwa mfano mmoja ubaoni. Wa kwanza hawajaona bado kwamba nusu na theluthi ni vipande vya ukubwa tofauti, na kuwakaririsha KDS hakutawasaidia. Basi somo la kesho lianze na karatasi mbili zinazolingana, moja ikunjwe sehemu mbili sawa, nyingine sehemu tatu, na mwenye 2/5 aulizwe: jibu lako ni kubwa au ni dogo kuliko ile nusu uliyoanza nayo? Walimu wawili watakaa nyuma ya darasa. Macho yao yawe kwenye mikono ya watoto. Mwalimu anayefundisha wamwache afundishe.

Hapo hakuna bango wala posho. Kuna kikwazo kikubwa cha muda, na sitakipunguza: mwalimu mwenye vipindi vingi kwa juma na rundo la madaftari hana saa ya kukaa kwenye darasa la mwenzake, na anapokwenda, darasa lake linabaki na nani? Lakini kikwazo kigumu zaidi ni hofu. Kwa mwalimu wa Tanzania mtu wa pili darasani ni mkaguzi, hata baada ya wakaguzi kuitwa wathibiti ubora. Kenya iliizidisha hofu hiyo ilipoanzisha mfumo wa TPAD mwaka 2016, ambamo kumtazama mwalimu akifundisha ni sehemu ya kumpima utendaji. Kutazama kwa ajili ya kusaidia na kutazama kwa ajili ya kutoa alama haviwezi kuishi kwenye fomu moja; cha pili hukila cha kwanza. Mwalimu ataandaa somo la maonesho, mkuu wa idara atajaza alama nzuri, na wote wawili watarudi kwenye mambo yao.

Mpango wa kuwaendeleza walimu kitaaluma (TPD) uliotangazwa na Tume ya Utumishi wa Walimu ya Kenya mwaka 2021 ulikwenda mbali zaidi kwenye njia ya vyeti. Ulikuwa na moduli sita, kila moja ya miaka mitano, na mwalimu alitakiwa alipe shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake. Vyama vya walimu viliupinga kwa sababu ya ada, na vilikuwa na haki. Mimi naongeza sababu nyingine: ngazi ya moduli, sawa na ngazi ya leseni za ukocha za Shirikisho la Soka Afrika (CAF) kutoka D hadi Pro, hupima mtu amefika darasa gani la kozi. Leseni inafaa kama mlango, maana timu ya watoto isikabidhiwe kwa yeyote tu. Haifai kama ushahidi wa kuendelea kujifunza.

Historia yetu inafundisha zaidi ya moduli hizo. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, Tanzania ilihitaji walimu wengi kwa ajili ya Elimu ya Msingi kwa Wote (UPE), ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba na kuwafundisha vijijini: wakifundisha sehemu ya siku, wakisoma sehemu nyingine, kwa masomo ya posta, redio na waratibu elimu kata. Leo "mwalimu wa UPE" ni kejeli, kama ilivyokuwa "vodafasta" kwa walimu wa kozi fupi wa miaka ya 2000. Kejeli hiyo inachanganya mambo. Vijana wale walikuwa na elimu ndogo, vitabu vilikuwa haba na usimamizi ulilegea. Hayo ni makosa ya kweli. Lakini umbo la mafunzo, kazi na kujifunza vikienda pamoja mahali pamoja, lilikuwa sahihi kuliko semina nyingi zilizofuata.

Lipo jambo ambalo sera zetu hazilioni. Katika shule nyingi kocha na mwalimu ni mtu mmoja. Anayefundisha sayansi saa nne asubuhi ndiye anayepuliza filimbi saa kumi jioni akiandaa timu ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi. Jioni hurudia zoezi mpaka mtoto wa mwisho aweze. Asubuhi huandika ubaoni na kusonga mbele kwa sababu muhtasari wa somo unamkimbiza. Wizara moja humwita kwenye mafunzo ya mtaala, chama cha michezo humwita kwenye kozi ya leseni, na hakuna anayemuuliza kwa nini anafundisha kwa namna mbili. Jumuiya ya Kujifunza ya shule yake ingeweza kumuuliza, iwapo ingekwenda uwanjani pia na si kubaki kwenye chumba cha walimu.

Nawaomba wakuu wa shule waanze na hilo: kipindi kimoja kwa juma kwenye ratiba, mwalimu mmoja akifundisha, darasani au uwanjani, wenzake wawili wakitazama, bila fomu na bila alama. Hakihitaji waraka wa wizara wala mfadhili, na ratiba ya muhula ujao bado haijabandikwa.