Mionzi ya Mara ya Pili na Mpaka wa Malaba

Mpaka wa Malaba, kati ya Kenya na Uganda, ulizikuta jamaa za Wateso tayari zimekaa pande zote mbili, kwani hadi 1902, Uingereza ilipoutenga Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya, Amagoro, iliyo Kenya leo, na Tororo, iliyo Uganda, zilikuwa chini ya utawala mmoja. Baadaye mpaka huo ukawa na uzito kwa mgonjwa wa saratani ya kichwa na shingo, yaani ya kinywa, koo, zoloto au nyuma ya pua: Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, ilikoanza tiba ya mionzi 1968, iko zaidi ya kilomita 400 kutoka Malaba, ilhali Mulago ya Kampala, iliyo karibu kwa takriban nusu ya masafa hayo, ilipata mashine ya kobalti 1995 tu.

Kobalti-60 ni madini yatoayo mionzi ambayo nguvu zake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka mitano na ushei, hivyo mashine ikichakaa mgonjwa hulazwa chini yake muda mrefu zaidi ili apate kipimo kilekile. Kipimo hicho huhesabiwa kwa grei, na saratani ya koo mara nyingi hupewa grei 70 katika vipindi 35 kwa wiki saba. Ugonjwa ukirudi palepale, tabibu hukabili mwili uliokwisha kubeba mzigo: ugwe mgongo, ambao kwa kawaida haupitishwi grei 45 hadi 50, huenda umekaribia kikomo, mfupa wa taya waweza kufa, na mshipa mkubwa wa damu shingoni waweza kupasuka. Kwa mashine za zamani, zilizomulika eneo pana, kurudia kulikuwa hatari mno. Mashine za umeme zinazofuata umbo la uvimbe kutoka pande nyingi ndizo zilizofungua mlango, tena kwa wachache, aghalabu baada ya miezi sita au zaidi.

Mashine ya Mulago iliharibika kabisa 2016, hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ikajitolea kuwatibu Waganda 400, na mashine mpya ikazinduliwa Kampala Januari 2018. Mgonjwa aliyevuka mpaka hivyo huenda akarudiwa na ugonjwa kwao huku kumbukumbu zake zikiwa ng'ambo, na hakuna tabibu anayeweza kurudia mionzi kwa usalama bila kujua kipimo cha kwanza na mahali kilipopigwa; aliyetibiwa upande wowote wa mpaka na adai nakala ya kumbukumbu hizo kabla ya kuondoka hospitalini.