Nyumba za Tembe za Mgori na Uzuri wa Kukandika

Anayetaka kupamba chumba chake cha kusomea kwa mtindo wa Kijapani wa wabi-sabi, unaosifu usahili na dalili za uzee, huelekezwa siku hizi kwenda kununua: rangi ya kuigiza ukuta wa udongo, meza ya mbao isiyonyooka, bakuli lenye ufa. Kwa msomaji wa Singida, na hasa wa Mgori, ushauri huo umeruka historia iliyo mlangoni kwake. Nchi hiyo ya Wanyaturu, kama ilivyokuwa kwa Wagogo, Wairamba, Warangi na Wasandawe, ilijenga nyumba za tembe kwa vizazi vingi, na kila kinachosifiwa katika mtindo huo kilikuwamo ndani yake. Lakini uzuri wa tembe haukutokana na uchakavu. Ulitokana na kurudiwa: mikono ileile iliyojenga ilirudi kukandika, na msitu uleule uliotoa nguzo uliendelea kutoa fito. Asiyeelewa hilo atanunua sura ya uzee na kuikosa kazi iliyoizaa.

Tazama jinsi tembe ilivyosimama. Nguzo zenye panda zilichimbiwa chini, juu yake ikalazwa mitambaapanya, kisha boriti na fito zilizofungwa kwa kamba za magome ya miombo. Juu ya fito zilitandazwa nyasi na matawi, halafu udongo ukashindiliwa hadi paa likawa tambarare, mahali pa kuanikia uwele, mtama na maboga. Paa la udongo halikushika moto upesi kama la nyasi, na katika karne ya 19, enzi ya uvamizi na wizi wa ng'ombe, hiyo haikuwa faida ndogo. Kuta zilikandikwa kwa udongo, mara nyingi wa kichuguu, kwa kuwa unashikana vizuri, na sakafu ikapigwa samadi. Hakuna ukuta wa namna hiyo unaobaki ulivyo. Masika hula kona na kiangazi hufungua nyufa, hivyo kabla ya mvua kurudi watu walipanda kuongeza udongo juu ya paa na kuziba palipopasuka. Kila kiraka kilikuwa na rangi yake kidogo, kwa kuwa udongo wa mwaka huu si wa mwaka jana, na hapo ndipo ukuta ulipopata kina ambacho rangi ya kopo haikipati.

Pingamizi la kwanza dhidi ya ulinganisho huu ni zito, na halifai kupuuzwa. Sen no Rikyū, bingwa wa chai wa Japani aliyeishi kati ya 1522 na 1591, alihudumu chini ya Toyotomi Hideyoshi, mtawala mwenye nguvu kuliko wote nchini humo wakati huo. Chumba cha chai cha Taian huko Yamazaki, karibu na Kyoto, kinachohusishwa naye, kina ukubwa wa mikeka miwili ya tatami na kuta za udongo ambamo vipande vya majani makavu vimeachwa vionekane. Kwa watu wale unyonge wa chumba ulikuwa uchaguzi. Dhahabu walikuwa nayo. Mkulima wa Mgori hakuchagua. Tena tembe ilikuwa na giza na moshi, na nyufa zake zilihifadhi papasi, wadudu wanaoeneza homa ya papasi, ugonjwa uliotesa watu wa kanda ya kati kwa muda mrefu. Mama aliyefurahi kuhamia nyumba ya bati alikuwa na sababu, na atakayemwambia amepoteza uzuri bila kutaja papasi hamtendei haki.

Hata hivyo, ubaya wa giza na papasi si ubaya wa udongo. Dirisha pana huondoa giza, sakafu ya saruji na ukuta usioachwa na nyufa humnyima papasi maficho. Mambo hayo yangeweza kufanywa ndani ya ujenzi uleule, lakini historia ilikwenda njia nyingine. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere, Rais wa Tanzania wakati huo, alitangaza kwamba hadi mwisho wa 1976 kuishi katika vijiji vilivyopangwa kuwe ni lazima. Kaya nyingi ziliacha makazi ya zamani, na kampeni za nyumba bora zikafanya bati kuwa alama ya maendeleo. Ni Nyerere huyohuyo ambaye mwaka 1977, akipima miaka kumi ya Azimio la Arusha, mwongozo wa siasa ya ujamaa, alilalamika kuwa watu wameng'ang'ania saruji na bati hata wakakataa vifaa vilivyo chini ya miguu yao. Kweli, alikuwa akitetea matofali ya kuchoma na vigae, wala si tembe. Lakini aliona jambo ambalo wataalamu wengi hawakuliona: kiwango cha ubora kilikuwa kimehamishiwa dukani.

Wengine watasema tembe hula miti. Ni kweli, tembe moja hutaka nguzo na fito nyingi. Ila tanuri la matofali nalo halichomwi kwa upepo, na kuni zake hutoka msituni mulemule. Swali ni nani analinda msitu, na hapa Mgori iliwahi kutoa jibu lake. Katikati ya miaka ya 1990 serikali ilikusudia kuufanya msitu wa Mgori, takriban hekta 40,000 za miombo, kuwa hifadhi yake. Badala yake vijiji vitano, Ngimu, Pohama, Unyampanda, Mughunga na Nduamughanga, vilikabidhiwa kila kimoja sehemu yake, vikaweka walinzi na sheria ndogo za kijiji. Pamoja na ule wa msitu wa Duru-Haitemba, Babati, mfano huo ulitangulia Sheria ya Misitu ya 2002, iliyotambua misitu ya vijiji nchini kote. Watu waliojua thamani ya fito ndio waliojua kuhesabu miti.

Kwa hiyo chumba cha kusomea chenye asili ya Mgori hakihitaji kuigiza Kyoto. Kipe dirisha kubwa upande wa meza, sakafu ngumu, na ukuta wa udongo wa kichuguu unaokandikwa upya kila mwaka kabla ya mvua. Rafu iwe ya mbao iliyotolewa kwa kibali. Kazi ya kuchagua udongo na kupanga fito inajulikana zaidi na wazee, na haijaandikwa vya kutosha. Unayejenga mwaka huu, waite wazee hao kabla hujaenda dukani, na waache vijana wako washike udongo pamoja nao.