Foleni Isiyo na Mchawi

Ukikwama kwenye foleni lazima umtafute mchawi: lori bovu, trafiki, au dereva asiye na adabu. Lakini wataalamu waliochunguza mwendo wa magari wanasema mara nyingine mchawi hayupo.

Mwaka 1935 Mmarekani Bruce Greenshields alichapisha utafiti wake wa barabara za Ohio. Alipiga magari picha kwa kamera, akayahesabu, akapima mwendo wake. Akaona kadiri magari yanavyosongamana ndivyo mwendo unavyopungua. Utasema, hilo nani asiyelijua? Sawa, ila yeye alilitia kwenye namba.

Mwaka 1955 Waingereza wawili, Lighthill na Whitham, wakalinganisha barabara iliyojaa na mto uliofurika. Magari huenda mbele, lakini msongamano ni wimbi, na wimbi hilo huweza kurudi nyuma.

Wajapani wakalionyesha kwa macho. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2008, magari 22 yalizungushwa kwenye duara la mita 230, madereva wakiambiwa waende kilomita 30 kwa saa. Taa hakuna, shimo hakuna, ajali hakuna. Mara foleni ikazuka yenyewe! Mmoja anapunguza kidogo, wa nyuma anapunguza zaidi, hadi mwingine anasimama kabisa wala hajui kisa.

Wengine walishika njia ya takwimu. Mwaka 1979 Ahmed na Cook walitumia vipimo vilivyotangulia kukisia hali ya barabara baadaye. Kufikia mwaka 2018 watafiti walikuwa wameifundisha kompyuta kwa vipimo vya miezi minne, kutoka vihisio 207 vya barabara kuu za Los Angeles, ikakisia mwendo wa magari hadi saa moja mbele.

Kazi kubwa hiyo, siyo utani. Lakini kukisia si kueleza. Kompyuta itakwambia pale patajaa. Kwa nini pajae, bado tunarudi kwa wale wa wimbi.

Na sisi tunaojifunza kuandika tuna la kuokota hapa. Hadithi zetu nyingi haziendi bila mtu mbaya. Hebu jaribu kuandika ya wale madereva 22: wote watu wema, kila mmoja kakanyaga breki kidogo tu, na bado wote wamekwama.