Doa Lililofutwa

Tangu kale watu waliamini kwamba nuru hupita katika kitu kiangavu bila kukibadili, na kwamba nuru mbili zikikutana hupishana tu. Sisi tukaao Baraka twaona sababu ya imani hiyo. Usiku wavuvi wa ndagala huwasha taa ziwani. Miale ya mtumbwi huu hukata miale ya mtumbwi ule, wala hakuna taa igeukayo rangi.

Lakini nuru ya taa ni dhaifu. Viwimbi vidogo vya ziwa letu navyo hupitana kwa amani. Mawimbi makubwa, yafikapo ufukoni, hujikunja na kuvunjika, hayafuati tena kanuni ya viwimbi. Je, nuru yenye nguvu nyingi nayo itafanya vivyo hivyo?

Mwaka 1960 Theodore Maiman, huko Kalifornia, Marekani, alitengeneza leza ya kwanza kwa kito cha yakuti. Mwaka uliofuata Peter Franken na wenzake watatu wa Chuo Kikuu cha Michigan walipitisha nuru nyekundu ya leza katika kipande cha kwatzi, ndugu ya yale mawe meupe ambayo wachimba dhahabu wa Fizi huyavunja. Nuru nyekundu ikatokea upande wa pili, ikifuatana na nuru nyingine hafifu mno, isiyoonekana kwa macho, ambayo urefu wa wimbi lake ulikuwa nusu ya ule wa kwanza. Chembe za jiwe zilitikiswa kwa nguvu hata zikajibu kwa mtikisiko wa mara mbili.

Ushahidi wao ulikuwa doa dogo katika picha. Yasimuliwa kwamba gazeti la wataalamu lilipoichapa picha hiyo, doa lilidhaniwa kuwa uchafu, likafutwa! Mshale ukabaki ukionyesha mahali patupu.

Hata hivyo ukweli haukufutika. Mwaka 1962 Nicolaas Bloembergen, mzaliwa wa Uholanzi, na wenzake walieleza kanuni zake. Naye akashiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1981. Leo, kwa njia hiyo, nuru isiyoonekana hugeuzwa kuwa ya kijani, na waganga huitumia kutibu macho. Tena, katika nyuzi za kioo zilizofikishwa Mombasa na Dar es Salaam kupitia baharini mwaka 2009, mafundi huipima nguvu ya nuru, kwani ikizidi, habari zisafirizo humo huharibiana.

Basi, ndugu wasomaji, tusifanye haraka kufuta tusichokielewa.